Chai Aliyoikataa Mama

Mama yangu aliacha kunywa maji mwezi wa sita, na siku mbili za mwanzo mimi nilimkasirikia. Sifichi. Nilimkasirikia kama ninavyomkasirikia mtoto wa darasa la sita anayejua jibu lakini hataki kunyoosha mkono. Nikimpelekea kikombe mdomoni, anafunga meno. Nikimletea uji, anageuza uso ukutani. Nilimnunulia soda ya machungwa, ambayo zamani alikuwa anaivizia kwenye kila harusi, akailamba kwa ncha ya ulimi kisha akanirudishia chupa na kuniambia kwa adabu kabisa, "Asante, mpe mgeni." Mgeni hakuwepo. Tulikuwa mimi na yeye tu barazani kwangu Mbamba Bay, upepo wa ziwa ukimpeperushia kanga.

Tuelewane kwanza. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimezaliwa Maguu, kule juu kwenye kahawa, nikaolewa huku chini ziwani na Mnyasa, fundi wa injini za boti. Baba alipofariki, mama alibaki Maguu na kaka yangu mpaka siku alipoteleza uani akavunjika nyonga. Baada ya hapo milima ikawa haimfai tena, nikamleta kwangu ambako ni tambarare na hospitali haiko mbali. Nyonga ilipona. Kumbukumbu ndiyo iliyoanza kumponyoka. Siku nyingine mimi ni binti yake, siku nyingine ni dada yake, na siku nyingine ni jirani wa Maguu aliyekuja kuazima ungo. Nimezoea kuitikia vyovyote ninavyoitwa.

Siku ya tatu ulimi wake ulikuwa mkavu na umepasuka katikati. Hasira ikanitoka yote, woga ukaingia. Nikampakia kwenye bajaji, nikamkimbiza hospitali. Daktari alikuwa dada mdogo tu, umri wa binti yangu wa kwanza, lakini hana maneno ya kubembeleza.

"Mwalimu," aliniambia, "mama amekaukiwa maji. Leo tunamtundikia dripu, lakini siwezi kumtundikia kila siku, maana mshipa wenyewe nimeutafuta nusu saa. Asipokunywa kwa mdomo wake, figo zitachoka, na kwa umri huu zikishachoka hatutakuwa na la kufanya. Mpe chochote anachokipenda. Ila kama ni miti shamba, niletee niione kwanza. Nataka kujua anakunywa nini."

Kisha akamwinamia mama. "Shikamoo bibi. Unapenda kunywa nini?"

Mama alimjibu kwa Kimatengo, mimi ndiye niliyetafsiri. Alisema, "Chai yangu."

Chai yake naijua. Niliinywa mpaka nilipofikisha miaka kumi na minne. Ilikuwa ya mzizi uliochimbwa korongoni, chini ya shamba letu, mzizi mwekundu kwa nje na wa njano kwa ndani, pamoja na matunda madogo meusi yaliyokaushwa, ambayo mama alituambia anayaokota msituni. Majani ya chai hayakuwamo, hata chembe. Mzizi unapondwa, unakaangwa kwenye chungu kikavu mpaka unukie, ndipo maji yanamiminwa, na matunda yanatiwa mwisho, maji yakishachemka. Chai inatoka nyekundu ya kuiva. Inaanza na uchungu kidogo, halafu utamu unabaki nyuma ya ulimi. Mama alisema inaongeza damu, na sisi tuliamini, maana yeye alipanda ule mlima kila siku na mzigo wa kuni kichwani na hatukumsikia akilalamika mgongo.

Kisha mimi nikaenda shule ya bweni, nikakutana na chai ya rangi yenye sukari, na Jumapili chai ya maziwa. Basi nikawa mtu mkubwa. Nikirudi likizo, ile ya mama naisukuma pembeni, naiita chai ya porini.  Mama alikinywa kikombe chake, halafu akakinywa na changu. Kwa hiyo sikuwahi kumuuliza hata mara moja mzizi ule unaitwaje, wala matunda yale ni ya mti gani. Karibu miaka thelathini nawaambia watoto wa watu kwamba kuuliza si ujinga, na mwenyewe sikuuliza. Pale hospitalini niliona aibu ya kweli. Nikajisemea kimoyomoyo kwamba chai hiyo nitaipata, hata kama itabidi nichimbe Maguu nzima.

Nilianza na vilivyo karibu. Nilikwenda sokoni nikanunua tangawizi, nikang'oa mchaichai wangu wa uani pamoja na mizizi yake, nikatia na rozela kavu ili rangi ipatikane. Ilitoka nyekundu, ya kupendeza hasa. Nikampelekea kwenye kikombe cha bati kwa sababu nilikumbuka nyumbani tulikuwa tunatumia vikombe vya bati. Akanusa. Akanywa funda moja. Akanirudishia.

"Sio hii."

Mume wangu alikuwa amekaa kizingitini anapangusa plagi ya injini. Watu wa ziwani na sisi wa milimani tunataniana tangu tumeoana, hatuachi hata kukiwa na mgonjwa ndani. "Ninyi watu wa juu," akasema, "hata chai mnaifanya iwe mtihani. Mpe mchuzi wa mbasa uone kama hatakunywa." Nilimpikia mchuzi wa mbasa, samaki mnono mwenyewe wa asubuhi hiyo. Mama akanywa vijiko vitatu, akafunga mdomo. Vijiko vitatu ndivyo vilivyoingia mwilini mwake siku ile.

Jioni nikampigia kaka simu Maguu. Kaka yangu ni mtu mzuri, lakini ni mwanamume wa kwetu. Jikoni hajui hata chumvi inakaa wapi. Kuhusu matunda aliniambia, "Hayo mlikuwa mnayajua ninyi wanawake." Lakini korongo analijua, na mzizi mwekundu wenye njano ndani amewahi kuukata kwa jembe akilima. Nikamwambia achimbe upande mmoja tu wa mti, afukie shimo, kama mama alivyokuwa anafanya ili mti usife. Kesho yake mzizi ukateremka na gari la Mbinga, umefungwa kwenye gazeti na mfuko wa salfeti, na kondakta akanikabidhi huku ananiuliza kama nimeanza uganga.

Niliupeleka kwa daktari kabla sijaufikisha nyumbani. Akaukata, akaunusa, akautazama kwa muda mrefu.

"Ameutumia tangu lini?"

"Tangu mimi sijazaliwa."

"Basi, kidogo kidogo. Na mkojo wake uniangalizie rangi, unipe taarifa."

Nikauponda, nikaukaanga kwenye chungu kikavu. Ule moshi wa kwanza ulipopanda, niliuinamia nikauvuta puani. Nilikuwa na miaka saba tena, nimechuchumaa jikoni kwetu nasubiri zamu yangu. Nikaonja. Mzizi ulikuwa ndio wenyewe, sikuwa na shaka. Nikampelekea mama, naye akanusa, na safari hii macho yake yakafunguka vizuri. Akanywa mafunda mawili. Akaliweka la tatu mdomoni, akalizungusha, akalitema kwenye kiganja chake taratibu, kama mtu aliyekuta jiwe kwenye wali.

"Kuna kitu hakimo," akasema.

Sawa. Nikajua tunatafuta matunda sasa, si mzizi. Nusu ya kazi ilikuwa imekwisha, na mimi nusu ya kazi huwa hainivunji moyo, hunitia hamu.

Mume wangu akanivuta pembeni. "Mwambie ndiyo yenyewe. Mzee wa watu kichwa kimechoka, hatajua." Alisema kwa huruma, si kwa ubaya. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijaribu. Nilipasha ile ile, nikaipeleka na tabasamu la uongo, nikasema, "Mama, hii sasa ndiyo yenyewe."

Alinitazama. Sijui siku hiyo nilikuwa dada, jirani au binti. Akasema, "Nimesahau mambo mengi. Mdomo wangu sijausahau."

Sikurudia tena.

Nikachukua daftari la shule. Kila tunda nililojaribu niliandika jina lake, na asubuhi mama akilikataa naweka alama ya kosa kwa kalamu nyekundu kama ninavyosahihisha hesabu. Masuku yaliyokaushwa, kosa. Zambarau za kule nyuma ya kanisa, kosa. Furu, nikayatafuta kwa akina mama wanaouza mihogo, wakanitafutia, wakanicheka, kosa. Mama mmoja wa Liparamba aliyekuja sokoni na ufuta alinipa matunda fulani mekundu ya porini akasema bibi yake alikuwa anayachemsha. Nikayapeleka kwa daktari. Daktari akasema hayajui, na asichokijua hatakiruhusu. Nikayatupa. Nilikasirika, lakini nikayatupa.

Wakati huo wote mama alikuwa anaishi kwa vijiko. Viwili vya mchuzi, kimoja cha maji ya nazi, mafunda mawili ya chai ya mzizi isiyokamilika. Nikimbana ngozi ya mkono inabaki imesimama. Wiki ya pili tukarudi hospitali, dripu ya pili, na mara hii mshipa haukupatikana mkononi, ukapatikana mguuni. Daktari alipomaliza akavua glavu, akaniita koridoni.

"Mwalimu, sikutishi. Mara nyingine sijui kama nitaupata tena."

Shule zikafungwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi nilikuwa stendi na kikapu changu. Mume wangu nilimwachia maagizo: vijiko vitatu kila nusu saa, apende asipende, na asimlaze chali akimnywesha. Akanitazama ninavyojifunga kanga kiunoni.

"Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi," akasema.

"Sisi Wakatoliki tunafaidi Krismasi," nikamwambia. "Mnyweshe mama."

Maguu walikuwa kwenye mavuno. Mibuni yote ilikuwa myekundu, na kila ua lina mashine ya mkono ya kumenyea kahawa, inazungushwa, tunda linaingia huku, buni inaangukia huku na maganda yanamwagika upande wa pili. Kaka alikuwa anazungusha, mke wake anamimina matunda. Waliacha kazi kunisalimia, na mimi sikutaka hata maji ya kunawa. Nilitaka msitu. Mke wa kaka, ambaye mimi namwita wifi, akafuta mikono akanifuata.

Tulitembea kutwa. Tulishuka korongoni, tukapanda upande wa pili, tukapita kingo za mashamba ya ngoro, yale mashimo yetu ya mlimani, nikiteleza kila hatua maana miguu yangu imeshazoea mchanga wa ziwa. Kila mti wenye tunda nilisimama, nikachuma, nikapasua, nikanusa. Wifi yangu ni mpole, lakini kufikia saa tisa uvumilivu ukamwisha.

"Wifi, msitu huu nimeolewa nao miaka ishirini," akasema. "Kuni nimeokota humu, uyoga nimeokota humu. Mama mkwe wangu sijamwona hata siku moja akiokota tunda humu."

"Alikuwa anaokota. Alituambia mwenyewe."

"Aliwaambia. Mimi nasema sijamwona."

Sikupenda alivyosema. Nilihisi kama anamwita mama yangu mwongo, na nilitembea mbele yake mpaka nyumbani bila kumsemesha. Mtu akinigusia mama yangu, elimu yote inaniruka.

Nyumbani nikaenda moja kwa moja kwenye jiko la zamani la mama, kibanda cha nyuma ambacho sasa wanaweka majembe. Juu ya mafiga bado kuna kichanja, masizi yamekikaa kama rangi. Nikapanda juu ya kinu nikapapasa. Nilipata mwiko uliovunjika, nikapata kipande cha ungo, na nyuma kabisa nikapata kibuyu kilichozibwa kwa gunzi la mahindi. Nikazibua, nikamimina kiganjani. Vitu vyeusi, vidogo, vimejikunja kama zabibu kavu. Nikavinusa.

Nilikaa chini palepale kwenye majembe. Ndiyo yenyewe.

"Wifi," nikaita. "Njoo uyaone. Njoo uone kama mama alikuwa hapati matunda."

Akaja, akaokota moja kiganjani mwangu, akalifunua kwa kucha. Ndani lilikuwa tupu, halina mbegu. Ni ganda tu lililojikunja.

"Haya ni maganda ya kahawa," akasema.

"Haiwezekani."

"Wifi, mimi leo nimeanza kumenya kahawa saa kumi na mbili asubuhi. Ni maganda ya kahawa."

Nilibisha, na niwaeleze kwa nini, maana mtu wa mahali pengine atanicheka. Nyumbani kwetu kahawa hainywewi. Tunaipanda, tunaipalilia, tunaichuma, tunaimenya, tunaiosha, tunaianika, tunaigeuza juani kama tunavyogeuza mtoto mchanga, halafu inaondoka. Mpaka leo ukija Maguu mgeni utakaribishwa chai ya dukani huku umekaa katikati ya mibuni. Kwa baba yangu ilikuwa sheria: punje ya kahawa haichezewi, haitafunwi, haionjwi. Kahawa ni shule, alikuwa anasema. Na maganda yake ni uchafu unaochacha na kukusanya nzi, yanamwagwa kwenye migomba. Ukiwaambia watoto wa Maguu wakutajie matunda mia yanayoliwa na kunywewa, watafika mia bila kuitaja kahawa. Mimi nilikuwa nimetafuta sokoni na msituni, na hilo ndilo tunda pekee ambalo halikunijia akilini, tunda nililolichuma kwa mikono yangu utoto wangu wote.

Wifi akakaa kwenye majembe kando yangu. "Nilipokuja hapa bibi harusi," akasema, "nilimwona. Tukishamenya, wanaume wakiondoka, anachagua maganda mazuri, yaliyoiva vizuri, anayaosha, anayaanika kwenye ungo huku nyuma ya jiko, asiyaone baba mkwe. Nilimuuliza. Akasema ni ya mbolea. Nikajiuliza mbolea gani inaoshwa na kuanikwa kwenye ungo. Lakini nilikuwa mgeni, nikanyamaza."

Nikamwomba radhi kwa kumnunia njia nzima. Akasema ameshazoea, mume wake ni kaka yangu.

Yale ya kibuyuni yalikuwa ya miaka mingi, sikuthubutu kumpa mgonjwa. Tukaenda kwenye mashine. Nilichagua maganda ya siku hiyo, mekundu mazito, yasiyo na doa, nikayaosha maji matatu, nikayatandaza kwenye ungo. Jua lenyewe lilikuwa linazama. Kwa jua yanataka siku tatu au nne, na mimi siku hizo sikuwa nazo, maana nilipopiga simu nyumbani mume wangu hakutania. Akasema tu, "Leo kijiko kimoja. Rudi mapema."

Jumapili kengele ya kanisa ilipogonga nilikuwa jikoni. Misa niliikosa, na sijaiungamia bado. Niliyaweka maganda kwenye sufuria pana juu ya makaa machache, nikawa nayageuza kwa mkono, maana kwa mwiko huwezi kujua joto limefika wapi. Moto ukizidi yanaungua na kutoa ladha ya mkaa. Moto ukipungua yanavuja maji na kuchacha. Mkono ukishindwa kuvumilia, naitoa sufuria, naipulizia, nairudisha. Wifi aliporudi kanisani alinikuta nimevimba vidole na maganda yamejikunja, meusi, yanalia kama majani makavu ukiyatikisa. Nikachemsha kidogo na mzizi nikaonja.  Nilimpa kikombe naye akaonja, akanikumbatia.

Nikampigia daktari simu nikamweleza kila kitu. Alicheka kidogo, kisha akawa daktari tena. "Mzizi tumeuona, na maganda ya kahawa yanajulikana, watu wengine wanayanywa. Yasafishwe vizuri, isiwe kali, na usimpe usiku, moyo usije ukamwenda mbio. Mpe, Mwalimu."

Nilifika Mbamba Bay saa tisa mchana. Sikubadilisha hata viatu. Mama alikuwa amelala ubavu, macho nusu, midomo imekauka mpaka imeganda. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni yake na kijiko mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshindwa. Nikawasha jiko la mkaa barazani ili harufu iingie ndani. Mzizi kwanza, mkavu kwenye chungu. Maji. Yakachemka. Nikatia maganda, nikafunika, nikahesabu mpaka mia mbili kama mama alivyokuwa anatuhesabisha tulipokuwa wadogo ili tusifunue mapema.

Nilipofunua, kitanda kililia. Mama alikuwa anajaribu kukaa.

Tukamkalisha, mume wangu nyuma yake kama kiti. Nikampozea chai kwa kuihamisha kikombe hiki na kile. Nikamsogezea. Akanusa. Akanywa funda, akalimeza. Akanywa la pili. Mimi nilikuwa nasubiri lile neno lake, nimelisikia siku kumi na mbili, nimejikaza nilipokee tena. Halikuja. Alinywa mpaka mwisho, akakiinamisha kikombe atoe tone la chini, akapangusa mdomo kwa mgongo wa mkono. Mume wangu akageuza uso kuangalia ziwa. Analia kirahisi kuliko mimi, yule bwana, ila hataki ijulikane.

Kisha mama akaniangalia sana, akanishika mkono akanivuta karibu.

"Jirani," akasema kwa Kimatengo, kwa sauti ya chini. "Umejuaje kama ni maganda?"

"Nimeona tu, mama," nikasema.

"Usimwambie binti yangu. Yuko shule, kule bweni. Nimemwambia ni matunda ya msituni."

Nikamuuliza, "Kwa nini asijue?"

"Majani ya chai na sukari nimeviacha, kahawa yote inakwenda kwenye ada yake. Akijua mama yake anachemsha takataka za migomba, atarudi nyumbani kunisaidia. Namjua. Yule mtoto akishaamua jambo, huwezi kumgeuza." Akavuta pumzi. "Akija likizo anaikataa, anasema ni chai ya porini. Nafurahi sana akiikataa. Najua huko aliko anakunywa nzuri."

Nilisikia uchungu ambao sijawahi kuusikia, hata siku ya kumzika baba. Nilitaka kumwambia, mama, ni mimi, nimerudi, nimejua. Lakini alikuwa ameishikilia siri ile tangu utoto wangu, akasahau majina yetu sote na asiisahau hiyo. Nani mimi nimnyang'anye.

"Sitamwambia," nikasema.

"Apa."

Nikaapa kwa Mungu, machozi yananitiririka shingoni. Akanipigapiga mkono kunituliza, kama jirani mwema anavyofanya, kisha akanisogezea kikombe nimjazie tena.